Ramani ya mafuriko inapokudanganya: dalili, chanzo na pa kuanzia kutafuta

Ukishatengeneza ramani mbili tatu za mafuriko kwa picha za setilaiti utagundua jambo moja: kompyuta haikatai kazi. Inapokea picha mbaya na picha nzuri kwa moyo ule ule, inapaka bluu, nawe unatuma. Kosa linaonekana siku ramani inapofika kwa mtu anayelijua bonde lile kwa miguu.

Nimeuandika mwongozo huu kwa anayetumia programu za ramani na picha za setilaiti kama Earth Engine, SNAP au QGIS na ambaye ramani yake imekataa kufanana na habari zinazotoka eneo la tukio. Sehemu kubwa inahusu Sentinel-1, kwa sababu ndiyo rada ya bure inayopenya mawingu, na mafuriko yetu karibu yote huja na mawingu yake. Mifano ni ya Rufiji, Mto Tana, Msimbazi na kwingineko ambako watu wengi wamehangaika na tatizo hilo hilo.

Kwanza jinsi rada inavyofanya kazi, kwa ufupi. Sentinel-1 hurusha mawimbi yenye urefu wa takriban sentimita 5.6, tena kwa ubavu, kisha husikiliza mwangwi. Ardhi yenye majani, mabonge na kuta hurudisha mwangwi. Maji yaliyotulia huutupa upande wa pili, kama mpira uliorushwa kwa mshazari kwenye sakafu ya saruji, hivyo kwenye picha huwa meusi. Mwangwi huandikwa kwa desibeli, na namba zake karibu zote ni hasi. Kwenye VV, yaani wimbi linaporushwa na kupokelewa likiwa wima, nchi kavu yenye mimea mara nyingi iko kati ya -7 na -12; maji tulivu huporomoka hadi -18 na chini zaidi. Hitilafu nyingi zilizo hapa chini zinatokana na vitu visivyo maji vinavyoonekana vyeusi, au maji yanayokataa kuwa meusi.

Watu wako juu ya mapaa, ramani imekauka

Wengi hapa hukimbilia kushusha na kupandisha kizingiti, yaani namba inayotenganisha maji na pakavu. Acha kizingiti. Anza na saa.

Sentinel-1 hupita kwetu karibu na saa 12, alfajiri au jioni. Jina la faili limebeba tarehe na saa ya kimataifa. Ukiona saa ya 15, ongeza 3, unapata 18, yaani saa 12 jioni kwa hesabu yetu. Nimewahi kusoma ripoti iliyosema picha ya namna hiyo ilipigwa "saa 9 alasiri", kisha waandishi wake wakashangaa kwamba mashahidi wote walisema saa 9 maji yalikuwa bado kiunoni. Mashahidi walikuwa sahihi. Picha ilipigwa saa tatu baadaye, maji yakiwa yameshaanza kupungua.

Sasa linganisha saa hiyo na tabia ya mto wenyewe. Msimbazi ni mto wa mji: mvua ikinyesha usiku, asubuhi Jangwani hapapitiki, na mara nyingi jioni magari yanapita tena. Mafuriko yanayodumu saa 6 hayamsubiri setilaiti anayerudi kila siku 6, sembuse wa siku 12. Na siku 12 ndizo tulizokuwa nazo kwa kipindi kirefu: Sentinel-1B ilizimika Desemba 2021, na hadi Sentinel-1C iliyorushwa Desemba 2024 ilipoanza kazi tulitegemea 1A peke yake. Kwa hiyo ukirudi kutafuta mafuriko ya masika ya 2024 kwenye hazina ya picha, tarajia mapengo. Hakuna kizingiti kitakachoziba siku ambayo hakuna picha. Kwa mito ya aina hii ramani ya kweli hupatikana ardhini: alama za maji kwenye kuta, kumbukumbu za wakazi, na ramani za mitaro na nyumba kama zile zilizochorwa na vijana wa Ramani Huria kwenye kata za Dar es Salaam.

Pia jiulize kama kilichotokea kilikuwa maji. Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, kilichoshuka kutoka Mlima Hanang kilikuwa tope na mawe na magogo. Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipita kwa kishindo alfajiri na kilichobaki ni mawe, tope na miti iliyong'olewa. Sehemu za aina hii zikikwaruzwa na kubaki na mabonge huweza kung'aa kwenye rada kuliko zilivyokuwa mwanzo. Ukitafuta weusi tu utaambulia patupu. Tafuta badiliko lolote, liwe kwenda kwenye weusi au kwenye weupe, na mawingu yakifunguka leta picha ya Sentinel-2, setilaiti inayopiga picha kwa mwanga wa jua, utazame mkondo mpya wa udongo ulio wazi.

Kama saa iko sawa, mto ni wa mwendo wa taratibu, na bado ramani ni kavu, mshukiwa anayefuata ni picha yako ya "kabla". Rufiji, Aprili 2024, ni somo zuri. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño na mvua hazikukatika vizuri kufikia masika. Aliyechukua picha ya Machi 2024 kama "kabla" na ya Aprili kama "baada" alilinganisha bonde lililolowa na bonde lililolowa zaidi. Tofauti ikawa ndogo, kizingiti kikaimeza.

Namna ya kukagua haihitaji hesabu. Fungua picha zote mbili ghafi, nyeusi na nyeupe, ziweke moja pembeni mwa nyingine, kisha ukodolee macho mabwawa ya pembeni mwa mto na vipande vya mto wa zamani vilivyojikunja. Vikiwa vimevimba katika picha ya kabla, itupe. Chukua ya Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia, au bora zaidi, chukua picha kadhaa za kiangazi za njia ile ile na utumie thamani ya katikati. Usifurahi mapema lakini: kiangazi kina gharama yake, kama tutakavyoona kwenye mashamba.

Ramani yote imekuwa bluu, hadi mlimani

Kuna makosa mawili ya kipuuzi yanayotangulia mengine yote, na mimi nimeyafanya yote mawili.

La kwanza ni kuchanganya desibeli na namba za kawaida. Mwongozo maarufu wa UN-SPIDER, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kutumia setilaiti kwenye maafa, hugawanya picha ya baada kwa ya kabla na kuita mafuriko kila kinachozidi 1.25. Hesabu hiyo inafanya kazi kwa kuwa pande zote mbili ni hasi: shamba lililokuwa -9 likizama na kuwa -18, mgawanyo ni 2. Ukileta picha ambayo haijageuzwa kuwa desibeli, shamba lile lile linatoka 0.126 hadi 0.016, mgawanyo ni kama 0.13, na sasa ramani inakuonyesha kila kilichokauka kuwa kimefurika. Kwenye Earth Engine kuna makusanyo mawili ya Sentinel-1, moja la desibeli na jingine lenye neno FLOAT mwishoni mwa jina. Angalia uliita lipi. Ukiona namba chanya ndogondogo badala ya hasi, jibu umelipata.

Nikiwa hapo hapo, kugawanya desibeli kuna upendeleo. Ardhi iliyokuwa tayari na giza, tuseme -16, inalazimika kufika -20 ndipo igonge 1.25, wakati ardhi ya -8 inagonga ikifika -10 tu, jambo ambalo hata ukataji wa majani unaweza kulifanya. Mimi siku hizi natoa badala ya kugawanya: nadai mwangwi ushuke angalau desibeli 3, na wakati huo huo thamani ya baada iwe chini ya kiwango cha maji. Masharti mawili yakikutana, uongo mwingi unakufa.

Kosa la pili ni kulinganisha njia tofauti. Setilaiti akipita alfajiri na akipita jioni anakutazama kutoka upande mwingine, na hata kwa upande mmoja, ukingo wa karibu wa picha hutazamwa kwa pembe ya nyuzi 29 hivi na wa mbali kwa nyuzi 46. Kilima kilichong'aa asubuhi kinaweza kuwa kivulini jioni. Chuja kwa mwelekeo wa kupita na kwa namba ya obiti, yaani njia yenyewe, zote mbili. Wengi huchuja mwelekeo na kusahau obiti.

Ukishasafisha hayo mawili na bluu bado imezagaa, itazame imekaa wapi.

Ikiwa kwenye kuta za Udzungwa, Uluguru au Usambara, ni kivuli cha rada. Kata miteremko mikali. Hapa kuna kichekesho kidogo: maelezo ya ule msimbo wa UN-SPIDER yanasema inaondolewa miteremko inayozidi asilimia 5, ila fomula inayotumika hutoa nyuzi. Nyuzi 5 ni karibu asilimia 9. Kwa bonde la Rufiji haina neno. Kwa mabonde membamba ya milimani, ambako maji hujaa kati ya vilima, amua mwenyewe unataka ipi.

Ikiwa kwenye mchanga, kiwanja cha ndege, lami pana au jangwa kama la Chalbi, ni ulaini tu. Kitu chochote laini kuliko urefu wa wimbi huonekana kama maji. Vitu hivi havibadiliki, kwa hiyo vinajifichua: vilikuwa vyeusi kabla na ni vyeusi baada. Kama bado vinatokea kwenye ramani yako, unatumia kizingiti cha picha moja bila kulinganisha.

Ikiwa kwenye mashamba, hapo ndipo pagumu. Shamba lililovunwa, likachomwa na kusawazishwa hupoteza mwangwi. Hiyo ndiyo gharama ya kiangazi niliyoisema: picha ya Septemba na ya Aprili zina majani tofauti, si maji tofauti peke yake. Na mpunga ni mdanganyifu mkuu. Mwaka mmoja niliandaa ramani ya bonde la Usangu mwezi Januari, ikaonyesha mafuriko yenye kingo zilizonyooka vizuri mno. Nikaituma. Mtendaji wa kata akanipigia: "Ndugu yangu, hayo si mafuriko, hayo ni majaruba yetu. Tumepandikiza wiki iliyopita, na maji tumeyalipia." Tangu siku hiyo, nikiona bluu yenye pembe nne natafuta kalenda ya kilimo kabla ya kutafuta simu. Mbarali, Mwea na Ahero zote zitakufanyia hivyo hivyo. Dawa ni kuchukua picha za miezi ile ile kwa miaka mitatu au minne ya nyuma: jaruba hujaa kila mwaka, mafuriko hayaji kwa ratiba.

Chanzo cha mwisho cha bluu ya uongo wengi hawakitarajii. Tumezoea kusema rada haijali mvua. Kwa mawingu ni kweli. Kwa mvua nzito ya radi, wimbi la sentimita 5.6 hupunguzwa nguvu njiani, na matokeo yake ni doa jeusi lisilo na umbo la bonde wala mto, mara nyingi likiwa na ubavu mmoja unaong'aa. Doa la namna hiyo likiwa juu ya msitu ulioinuka, futa bila huruma.

Mafuriko yamekatwa kwa rula

Bluu inakuja vizuri kando ya mto, kisha inaishia kwenye mstari ulionyooka kama umepigwa kisu, na ng'ambo ya mstari hakuna tone.

Umeunganisha picha za siku tofauti. Ulitaja kipindi, tuseme siku 10, programu ikaokota picha zote za humo na kuziweka moja juu ya nyingine. Upande mmoja wa mstari unaona maji ya siku ya tatu, upande wa pili ya siku ya tisa. Orodhesha tarehe zote zilizoingia kwenye mkusanyiko kabla ya kuziunganisha, kisha tengeneza ramani moja kwa kila tarehe. Ukilazimika kuonyesha zote kwa pamoja, chukua kiwango cha juu cha eneo lililowahi kulowa na uandike wazi kwamba ni muunganiko wa siku kadhaa.

Mstari ukiwa mwembamba na mweusi ukingoni kabisa mwa picha, hasa picha za kabla ya 2018, hiyo ni kelele ya ukingo. Punguza ukingo kwa kilomita chache na uendelee.

Maji yapo chini ya majani, ramani inasema pakavu

Huu ndio udhaifu mkubwa wa Sentinel-1, na hauponi kwa ujanja. Kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, mitete ya Mto Tana au shamba la miwa, wimbi fupi hugonga majani na kurudi kabla halijaona maji. Mahali ambapo majani ni machache na mashina yamesimama wima, hutokea kinyume: wimbi hugonga maji, likaruka hadi kwenye shina, likarudi moja kwa moja kwa setilaiti. Sehemu hiyo hung'aa. Kwa hiyo mafuriko yenyewe yanaonekana meupe.

Jaribio dogo: katika eneo unalojua lina mitete, hesabu wapi VV imepanda kwa desibeli 2 au 3 wakati VH, yaani wimbi linaporushwa wima na kupokelewa likiwa limelala, haijabadilika sana. Sehemu hizo zikipakana na maji yaliyo wazi, una sababu ya kushuku. Kushuku, nasema. Usizipake bluu ile ile.

Mawimbi marefu hupenya zaidi. ALOS-2 ya Japani na NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, hutumia wimbi la sentimita 24 hivi. Kwa mikoko na misitu ya kando ya mito hiyo ni tofauti ya mtu anayesikiliza nje ya mlango na aliyeingia ndani.

Mjini hali ni hiyo hiyo kwa sababu nyingine. Kuta na mabati hurudisha mwangwi mkali mno kiasi kwamba uchochoro wenye maji ya magoti hauonekani kabisa. Ramani ya rada ikionyesha Kigogo au Mathare ni kavu, haijasema lolote kuhusu Kigogo au Mathare.

Na hapa ndipo nasimama na watu wengi wasikubaliane nami. Ramani ya mafuriko yenye rangi mbili, bluu kwa maji na nyeupe kwa pakavu, ina kasoro tangu kuzaliwa. Inahitaji rangi ya tatu. Mimi natumia kijivu: mji, msitu mzito, vivuli vya milima, mchanga. Maana yake ni "hapa chombo hiki hakioni". Huduma ya Copernicus ya kufuatilia mafuriko duniani, GFM, inatoa tabaka la namna hiyo pamoja na mafuriko yenyewe, na mara nyingi watu hupakua bluu na kuliacha. Anayepanga mitumbwi ya uokoaji atakwenda kwenye bluu kwanza, sawa. Lakini akiona kijivu atapiga simu. Akiona nyeupe hatapiga.

Kizingiti cha kompyuta kinachekesha

Njia za kujitafutia kizingiti, kama ya Otsu, hudhani grafu ya thamani zako ina nundu mbili, ya maji na ya nchi kavu. Ukimpa wilaya nzima ambayo maji ni sehemu moja kwa mia, nundu ya maji haionekani, naye anagawa nchi kavu kwa nchi kavu: msitu huku, mashamba kule. Kata kipande kidogo kinachofuata mto, chenye maji ya kutosha na nchi kavu ya kutosha, tafuta kizingiti humo, ukitumie kwa picha nzima. Kila mara chora grafu uione kwa macho.

Ukiona chengachenga, yaani nukta za bluu zilizotapakaa kila mahali kama televisheni ya zamani isiyoshika vizuri, hujachuja kelele za rada. Chuja kwanza, kisha ondoa visiwa vya chini ya pikseli 8 hivi. Ukizidisha kuchuja utapoteza mito membamba, na hapo mtu atakuuliza Mto Sabaki umekwenda wapi.

Mawingu yalifunguka, picha ya Sentinel-2 inapingana na rada

Kwanza tarehe: zikitofautiana hata siku mbili, acha ugomvi. Zikiwa karibu, angalia ulitumia kipimo gani cha maji.

NDWI ya kawaida hulinganisha mwanga wa kijani na infraredi ya karibu. Kwa maji safi inafaa. Maji ya Rufiji na Tana wakati wa mafuriko ni rangi ya chai ya maziwa, na udongo uliomo huinua mwangwi wa infraredi ya karibu hadi maji yasome kama ardhi. Badili utumie MNDWI, inayochukua infraredi ya mawimbi mafupi, bendi ya 11. Pikseli yake ni mita 20 badala ya 10, lakini afadhali ukungu kuliko uongo. Hiyo hiyo inapunguza pia mapaa, ambayo NDWI hupenda kuyaita maji.

Kivuli cha wingu nacho husoma kama maji. Ukiona ziwa lenye umbo la wingu na wingu lenyewe liko pembeni yake, unajua la kufanya. Tumia tabaka la uainishaji linalokuja na picha kuondoa mawingu na vivuli, ila usiliamini sana juu ya maji ya tope: nalo huyakosea.

Ziwa linahesabiwa kuwa mafuriko

Maji ya kudumu huondolewa kwa ramani ya JRC, kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, iliyotengenezwa kwa picha za Landsat tangu 1984. Kwa kawaida huondolewa mahali penye maji miezi 10 au zaidi kwa mwaka. Tatizo ni maji yaliyohama baada ya ramani hiyo kufungwa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Ukitumia toleo la zamani, bwawa lote litaingia kwenye hekta zako za mafuriko ya Rufiji, na jumla itatisha. Maziwa ya Bonde la Ufa, Baringo na Naivasha yakiwemo, yamepanda na kumeza nyumba na barabara. Kwa wenyeji hayo ni mafuriko yasiyoondoka, kwa takwimu ni ziwa. Amua kabla hujaanza, na uandike ulivyoamua.

Upepo nao huchafua uso wa ziwa hadi maji yang'ae kwenye VV; tazama VH, huathirika kidogo. Na kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria magugu maji hufunika maji leo na kusukumwa kesho, ukadhani nchi kavu imezama.

Ramani imehama, mto unapita juu ya shule

Kila kitu kimesogea kwa kipimo kile kile, karibu mita 300 kaskazini na kidogo magharibi? Hilo halihitaji uchunguzi mrefu. Vijiji vyako vimetoka kwenye ramani za zamani zenye mfumo wa vipimo wa Arc 1960, na programu imevisoma kama WGS 84, mfumo wa GPS. Kwa kanda ya UTM ya 37 kusini, tabaka hilo lipewe namba ya mfumo (EPSG) 21037 badala ya 32737, kisha ligeuzwe. Usilisogeze kwa mkono. Magharibi ya nyuzi 36 za longitudo kanda ni ya 36, na Kenya inakatwa na ikweta, kwa hiyo hakikisha pia kaskazini na kusini.

Kina cha maji ni mita 9 kwenye shamba la mahindi

Umetoa urefu wa maji kwenye ramani ya miinuko ya SRTM. Ilipimwa Februari 2000 kutoka chombo cha angani, na mahali penye miti ilipima karibu na vilele, si ardhi. Makosa yake ni ya mita kadhaa, na mafuriko mengi ya tambarare hayafiki mita 3. Ramani ya miinuko ya Copernicus ya mita 30 ni bora zaidi lakini nayo huona miti. Bila vipimo vya ardhini usitangaze kina. Sema eneo tu.

Hekta zako na za wenzako hazilingani

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Ulizeni mambo matatu: tarehe na saa ya picha, mpaka uliotumika, na kama maji ya kudumu yametolewa. Yakilingana hayo yote, tazameni kama mmoja alihesabu eneo kwa nyuzi za latitudo na longitudo badala ya mita. Pikseli ya mita 10 ni mita 100 za mraba, kwa hiyo pikseli 100 ni hekta moja. Ukipata jibu lenye desimali nyingi zinazoanza na sifuri, ulihesabu nyuzi za mraba.

Mwenyekiti wa kijiji anasema maji yalifika shuleni

Na ramani yako inasema hayakufika. Muulize siku gani, saa ngapi, na yalikaa muda gani. Akisema yalifika Jumanne na kuondoka Alhamisi, na picha yako ni ya Ijumaa alfajiri, mko sawa nyote wawili. Akisema Ijumaa yalikuwepo, fungua picha ghafi, tafuta shule, uone kama kuna miembe, mabati au kilima karibu. Sehemu hiyo ipake kijivu hata kama programu imeipaka nyeupe, na jina la shule liandike kwenye orodha ya kwenda kupima alama za ukutani maji yakishuka.

Pembeni mwa ramani andika kwa herufi zinazosomeka: setilaiti, tarehe, saa ya Afrika Mashariki, obiti, picha ya kabla ni ya lini, na kijivu maana yake nini. Ramani zetu zinasafiri kwa WhatsApp, zinakatwa pembeni, na baada ya siku mbili zinaitwa "ya leo". Kwa hiyo tarehe na saa ziweke ndani ya ramani yenyewe, katikati ya bluu, ambapo mkasi haufiki.